Jina Lililo kwenye Laini Yangu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Daftari jipya. Hili la tisa. Mwalimu Zubeda wa ngumbaru alituambia tuandike hata mistari mitatu kwa siku, mkono usisahau. Darasa zima wameacha. Mimi sijaacha. Miaka sabini na mbili na herufi zangu zimesimama wima kama nguzo.

Leo Purity kaja bandani na kompyuta. Purity ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, ndiye karani wangu. Kaleta habari njema na habari mbaya kwa mfuko mmoja. Njema: ile hoteli ya Shanzu imetupa paa lao jipya tuliezeke. Paa kubwa kuliko yote niliyoezeka – na mimi nimeezeka! Kuanzia Nyali mpaka Kilifi, ukiona makuti hayavuji, uliza ni ya nani. Mbaya: wana sharti. Washonaji na waezekaji wote walipwe kwa mtandao. Hakuna tena mimi Kitsao na bahasha zangu Jumamosi.

Nikasema basi paa lao waezeke na mtandao.

Purity hakasiriki upesi. Akavuta kigoda akanieleza. Kwanza hoteli inatia pesa kwenye chungu chetu huko mtandaoni. Yeye anasema pochi. Pochi ni ya wanawake, mimi nasema chungu. Pesa ikiwa chunguni haijamlipa mtu, inakaa tu. Halafu anaandika orodha: jina, nambari ya simu, kiasi. Watu thelathini na mmoja, orodha moja. Halafu mtu wa pili anaikagua na kuidhinisha. Akibonyeza – tii! – wote wanapata kwa mara moja, aliye Kisauni na aliye Mtwapa.

Nikauliza, mtu wa pili wa nini? Andika wewe, bonyeza wewe.

Akasema haiwezekani, Baba mkubwa. Aliyeandika haruhusiwi kuidhinisha. Mtandao wenyewe unakataa. Mtu mmoja anaweza kukosea, au kuwa na hasira siku hiyo. Lazima awepo mwingine wa kumwambia ngoja.

Nikamwambia miaka arubaini na moja nimeandika mwenyewe na kuidhinisha mwenyewe, sijakosea hata siku moja.

Alitazama paa.

Nikauliza tena, na neno je? Mimi nikimlipa mtu mkononi nampa na neno. Pole na mguu. Mtoto kafaulu? Kuti lako la wiki hii limenyooka. Hilo neno mtandao utaliweka wapi? Akacheka. Akasema kuna nafasi pembeni ya kila jina, ya maelezo. Fupi.

Fupi inatosha. Hapo kidogo nikalainika. Kidogo.

Jumanne, 2 Septemba

Siku mbaya.

Tulikuwa tunakusanya nambari. Banda zima kelele, washonaji na makuti mapajani, kila mmoja anataja nambari yake kama anayenadi samaki. Purity anaingiza. Na huo mtandao una macho! Ukiandika nambari, wenyewe unasoma jina la mwenye laini na kulilinganisha na la kitambulisho. Wanne majina hayakulingana. Mmoja anatumia laini ya mumewe. Mmoja ya shemeji. Wawili hata hawajui ni ya nani.

Nikawacheka. Nikasema watu wazima wenye wajukuu, hamna laini zenu! Mwaka ule wa kujisajili upya nyinyi mlipanga foleni juani, na wengine wakakatiwa. Yangu mimi haikukatwa hata dakika moja, na foleni sikuiona. Laini ya mwanamume hiyo.

Nilisema hivyo. Mbele ya wote.

Ndipo Purity akasema, sasa wewe, Baba mkubwa, maana wewe ndiwe mwidhinishaji. Ukitaka kuidhinisha, mtandao unakutumia nambari ya siri ya mara moja kwenye simu. Kwa hivyo laini iwe yako kweli, jina moja na la kitambulisho. Akaingiza nambari yangu. Kompyuta ikafikiri. Ikaandika:

VELMA MWERI KITSAO. JINA HALILINGANI.

Nilijua. Nilidhani wengine hawatajua. Mimi hulipwa kwa benki, hakuna anayenitumia pesa kwa simu akaona jina.

Mwidani alikuwa nyuma ya Purity. Mwidani ndiye mshonaji wangu wa kwanza kabisa, tumezeeka pamoja bandani humu, na mdomo wake hauna mlango. Akalisoma kwa sauti. Halafu: "Ee, Mzee! Kumbe miaka yote tunamfanyia kazi Bibi Velma, na hatuna habari!"

Wakacheka mpaka makuti yakamwagika.

Nikasema nakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi tuliuza Krismasi.

Jumatano, 3 Septemba

Niandike mara moja nimalize. Hakuna asomaye daftari hili.

Velma ni mwanangu wa mwisho. Velma ni la ubatizo. La nyumbani ni Mweri, jina la mama yangu. Kwetu Wagiriama ndivyo ilivyo, mtoto huchukua jina la bibi yake. Kwa hiyo tangu akiwa mchanga sikumwita mwanangu. Nilimwita mayo, yaani mama. Nilimbeba begani nikienda kupima mapaa. Watu wakiuliza huyo nani, nasema, huyu mamangu mzazi. Wanacheka. Lakini kweli.

Hii laini alininunulia yeye, kwa mshahara wake wa kwanza. Kitambulisho changu kilikuwa kimepotea, akasajili kwa chake. Baba, utabadilisha ukipata chako. Nikapata. Sikubadilisha. Nilikuwa na kazi nyingi.

Halafu 2019. Suleiman wa Bofu, kule Likoni, akaleta wazee wake kuposa. Watu wa adabu, siwezi kusema uongo. Lakini kadzama haikuwepo! Mkwe lazima alete kadzama, kibuyu cha mnazi, pombe yetu, wazee waonje, ndipo posa inakuwa posa. Wao Waislamu, mnazi hawaugusi. Wakaleta bahasha badala yake. Suleiman akasema, baba, nunua mwenyewe, mkono wangu hauwezi kuubeba. Alisema kwa heshima. Aliangalia chini.

Nikairudisha bahasha. Nikasema mbele ya wazee wote: kadzama haikuingia, na Mweri akitoka asivuke tena lango hili mpaka mwenye nyumba amwambie karibu kwa mdomo wake.

Akatoka. Miaka sita.

Mkaidi yule! Sijui ukaidi kautoa wapi.

Alhamisi, 4 Septemba

Hoteli imetia pesa. Purity kanionyesha: chungu kimejaa. Orodha iko tayari, maneno yote thelathini na moja nimeyasema yeye akaandika. Pembeni pameandikwa INASUBIRI IDHINI. Inanisubiri mimi.

Purity anasema dawa ni rahisi, nikanunue laini mpya kwa kitambulisho changu, nusu saa kwisha.

Nikakataa. Nikamwambia nambari yangu imechorwa ukutani kwa rangi nyekundu. Iko kwenye vitabu vya hoteli zote. Iko kwenye ubavu wa pikapu. Mtu hatupi jina lake.

Akasema, lakini si jina lako.

Mtoto wa ndugu yangu angekuwa mwanamume ningemfukuza.

Akasema basi tumweke mwidhinishaji mwingine. Nikamwuliza, na mimi niwe nani? Mlinzi?

Nitaiandika hapa sababu yenyewe. Mweri anajua nambari moja tu ya baba yake. Nikiitupa, akitaka kupiga atapiga wapi? Hajapiga miaka sita. Lakini anaweza.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya malipo bila malipo. Haijatokea tangu nifungue banda hili.

Waliketi tu. Hakuna aliyeshona. Nilitoa nilichokuwa nacho nyumbani nikagawa nusunusu. Hakikutosha hata unga wa wiki. Wakapokea bila neno, na mimi sikuwa na neno la kuwapa.

Mwidani alibaki nyuma. Hakutania. Akasema, Kitsao, mimi nilikuwepo siku ile ya posa. Nilipika mimi. Nikanyamaza kwa sababu ni nyumba yako. Lakini sasa ukaidi wako umeingia sufuriani kwangu, na hapo sinyamazi.

Nikamwambia aende zake. Akaenda. Akarudi kuchukua kikapu, akasema, "Na mayo wako akija mpe salamu zangu," akaenda tena.

Jumapili, 7 Septemba

Florence hayuko. Mke wangu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada huvuka feri kwenda Likoni, kumwona dada yake. Dada yake alihamia Malindi miaka minne iliyopita. Mimi sijauliza. Huondoka na kikapu kimejaa, hurudi na kikapu kitupu na macho yanayong'aa.

Leo karudi na kiatu cha mtoto kimoja, kimekatika kamba. Kaniwekea mezani. Akasema, wewe unajifanya fundi, shona hiki. Ni cha Swabra.

Swabra, binti yao Mweri. Ana miaka mitatu. Jina nililijua. Kiatu nilikuwa sikijui. Kidogo hivi! Kimeenea kwenye kiganja changu.

Nimekishona mara mbili ili kisikatike. Nimekitia kikapuni mwa Florence, yeye anajua njia ya kukifikisha.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekwenda duka la laini, hapo Kisauni barabarani. Kanzu safi, kofia, kitambulisho. Msichana wa kaunta akaniamkia vizuri. Nikamwambia: toa jina hilo, weka langu.

Akasema, babu, lazima mwenye laini aje mwenyewe na kitambulisho chake, mkae nyote wawili hapa, akupe mbele yetu. Hatuwezi kumnyang'anya mtu.

Nikamwambia namiliki laini hii miaka kumi na mitatu. Akasema, wewe umeitumia tu, babu. Anayeimiliki ni yeye.

Halafu akatazama kompyuta tena. Akasema tena laini hii ilikuwa ikatwe. Mwaka ule wa kujisajili upya. Mwenyewe alikuja akajisajili. Na kitambulisho na picha. Machi 2022, duka la Likoni.

Nikamwuliza kama ana hakika. Akanigeuzia kioo. Sisomi upesi, lakini ile tarehe nimeisoma.

Machi 2022. Miaka mitatu tangu nimfukuze. Na ile Machi Florence aliniambia Mweri ana mimba kubwa, miguu imevimba. Nami nikasema simjui huyo. Alisimama foleni ile ya juani, na ile miguu, ili simu ya baba yake isizimike.

Na mimi nikawacheka watu kwamba foleni sikuiona.

Nilitoka. Nimesahau kofia kaunta.

Jumanne, 9 Septemba

Sikwenda bandani. Florence kauliza kama naumwa. Nikasema mvua. Hakuna mvua.

Jumatano, 10 Septemba

Purity kaniletea kofia yangu. Msichana wa duka anajua banda letu. Akakaa. Hakutaja laini. Akanionyesha mtandao unavyofanya pesa ikienda: nyingine IMEFIKA, nyingine IMEKWAMA, nyingine IMEREJESHWA. Isiyofika haipotei njiani, inarudi chunguni, na unaweza kuituma tena. Mara ngapi? Mara yoyote, Baba mkubwa, mpaka ifike.

Nikawaza ile bahasha ya Suleiman. Ilifika. Mimi ndiye niliyeirejesha.

Na nikawaza jambo jingine, limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Mtandao hauruhusu mtu mmoja aandike na aidhinishe. Siku ile ya posa, shauri niliandika mimi. Hukumu nikaidhinisha mimi. Hapakuwa na mtu wa pili. Florence alitaka kusema, nikamwonyesha kidole.

Sijawahi kukosea, nilimwambia Purity.

Saa kumi nikapiga simu. Nambari ya Mweri ninayo, nani kasema sina? Ikaita mara tatu. Akashika mwanamume. "Shikamoo, baba." Suleiman. Aliiona nambari akajua.

Nikakata.

Alhamisi, 11 Septemba

Suleiman kapiga asubuhi. Akasema, shikamoo baba, jana mtandao ulikuwa mbovu, simu ikakatika. Nikasema ndiyo, mbovu sana siku hizi. Tukaulaumu mtandao kidogo, mimi na yeye.

Kijana anajua kumfunika mtu aibu. Hilo kwa mkwe ni kubwa kuliko kibuyu. Naliandika hapa, sitalisema.

Nikamweleza habari ya laini, ya chungu, ya watu thelathini na mmoja. Nikasema ni shauri la kazi tu. Tukutane dukani Jumamosi, duka linafunga saa saba. Akasema subiri, baba. Nikasikia wanaongea mbali. Sauti ya pili nikaijua.

Akarudi. Akasema, atakuja inshallah. Lakini anasema si dukani. Atakupitia nyumbani, mwende pamoja.

Nikasema haina haja, dukani ni karibu.

Akasema polepole: "Baba, anasema atasimama langoni. Hapo ulipomwambia. Akisikia atakachosikia, ataingia. Asiposikia, mtakwenda dukani, atakupa laini yako, na hatakusumbua tena."

Nikamwambia kwaheri ya Mungu. Nikafunga dirisha. Baridi.

Ijumaa, 12 Septemba

Florence kafagia ua mara tatu. Katoka asubuhi kutafuta mchunga, ile mboga ya porini, anaupika kwa nazi. Nikamwuliza nani anakula mchunga nyumba hii, ni mchungu kama dawa. Akasema, anayeupenda anajijua. Nimekata ndevu. Si kwa sababu ya mtu, zilikuwa ndefu.

Nimewaza: kesho laini ikiwa yangu, jina lake litatoka. Mtandao ukiuliza huyu nani, utaandika Kitsao Garama. Nilitaka hivyo wiki nzima, sasa sitaki sana.

Nikamwita Purity. Nikamwuliza, je, mwidhinishaji lazima awe mmoja? Akasema hapana, wanaweza kuwa wawili, akiugua mmoja malipo yasikwame. Awe tu na laini ya jina lake mwenyewe. Nikamwambia basi andika wawili. Wa kwanza mimi. Wa pili Velma Mweri.

Akaniangalia. Akasema, Baba mkubwa, lazima akubali mwenyewe kwanza.

Nikamwambia najua! Andika kwa penseli.

Akasema kompyuta haina penseli. Lakini ataacha nafasi.

Nimejaribu lile neno la karibu nikiwa naoga. Maji yalikuwa na kelele, sikuisikia sauti yangu vizuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika upesi.

Amekuja. Saa nne u nusu. Yuko langoni. Buibui jeusi, mkoba, na kile kiatu kiko mguuni mwa Swabra, wameshikana mikono. Suleiman kabaki ng'ambo ya barabara, kwa heshima. Washonaji wote bandani, hakuna anayeshona. Florence kasimama mlangoni na mwiko mkononi, halii hacheki.

Nilitoka mpaka katikati ya ua. Tukatazamana. Amenenepa. Uso umekuwa wa mama yangu kabisa – lile paji! Kana kwamba nimemfukuza mama yangu mzazi, naye karudi kuuliza kosa lake.

Akasema, "Shikamoo, Baba."

Nikasema marahaba. Hilo lilitoka lenyewe.

Akangoja. Vidole vyake vya miguu viko kwenye ule mstari wa lango, havijapita hata kimoja. Nikafungua mdomo. Nikasema – "Naingia kuchukua kitambulisho."

Kitambulisho kiko mfukoni.

Sasa nimekaa kitandani na daftari. Robo saa imepita. Nje jua. Mwidani kapaza sauti: "Kitsao! Hicho kitambulisho unakitafuta au unakitaga?" Wamecheka kidogo, wakaacha.

Mweri kasema kitu. Hakupaza. "Baba, duka linafunga saa saba." Hana hasira. Kachoka. Ilikuwa sauti yake ya utotoni, nikimpandisha begani akiniambia, baba, usiniangushe.

Kama sitoki atageuka. Akigeuka ataniachia laini, na mimi nitakuwa na jina langu.

Nimelisema, lile karibu. Humu ndani, peke yangu, kwanza nilipime. Lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Purity kachungulia pazia. "Baba mkubwa, umesema kitu?"

Nimemwambia ni kikohozi.

Hajaondoka. Kashika pazia anatazama nje, halafu ananitazama mimi. Na nje kumenyamaza ghafla, hata Mwidani, ambaye hanyamazi hata kanisani. Mwiko wa Florence umeanguka. Nasikia lango, na kiatu kidogo kinapiga mbio uani kuja huku –